Kuku Alitembea Kabla Yangu

Juzi, tulipokuwa tunamtoa Shangazi Zaina nyumbani kwenda kumzika, vijana wa mtaa walinizunguka kana kwamba maiti ni mimi. "Mzee Amisi, weye hapana," wakaniambia. "Ile muguu yako itatuangusha wote." Mmoja alikwisha kunitafutia kiti. Kiti! Nimekaa juu ya viti maisha yangu yote ya biashara pale soko la Kasongo, sikuhitaji kingine siku ile. Nikatazama jeneza, nikahesabu mabega yaliyo chini yake, nikayahesabu tena kama ninavyohesabu kila kitu, nikaona nafasi ya mbele kushoto imeshikwa na kijana aliyevaa kandambili. Mtu anakwenda kubeba mzigo kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mvua imenyesha alfajiri, na amevaa kandambili. Halafu mguu mbaya ni wangu. Sikuwajibu papo hapo, maana kuwajibu vizuri kungetaka niwasimulie mwaka mzima, mwaka ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa, na maiti haingojeshwi. Sasa amekwisha kulala mahali pake, mimi nina nafasi, nasimulia.

Ujanani nilikuwa msukumaji wa kinga. Kinga ni baiskeli, lakini sisi hatukuipanda. Tuliipakia magunia ya mchele na madumu ya mawese kule Wamaza mpaka ikapotea chini ya mzigo, tukafunga kijiti kimoja kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, tukaisukuma hivyo hadi Kasongo. Kwenye kupanda, wewe ni injini. Kwenye kushuka, wewe ni breki, na hakuna fundi aliyekuuliza kama unaweza. Nilisafiri na rafiki yangu Salumu, ambaye alitangulia daima kwa sababu alipenda kuchagua njia kisha kulalamika kwamba ni mbaya. Siku ile tulikuwa tunashuka mlima ulio mbele kidogo ya Wamaza, penye kona iliyochimbwa na maji. Mguu wangu wa kulia ukaingia kwenye mfereji wa matope, ukakaa. Kinga ikageukia kushoto, mwili wangu ukaifuata kinga, mguu ukabaki ukitazama ulikokuwa unatazama. Ndani ya goti kukalia *pok*, kama mtu anayevunja kuni kavu. Salumu alisikia kutoka mbele. "Nini ile imevunjika? Kijiti?" Nikamwambia, "Hapana. Ni mimi." Akarudi mbio, akayapita magoti yangu yote mawili, akainama kwenye madumu, akayagusa moja moja, kisha akaniletea habari njema: "Mafuta haikumwangika, bwana." Kabla wali wa mchana haujaiva pale kando ya njia, goti lilikuwa limevimba kama papai.

Nilipofikishwa Kasongo, nimelazwa juu ya kinga kama gunia, Shangazi Zaina alinipa chumba chake cha karanga. Kilikuwa chumba chembamba, magunia upande huu, kitanda upande ule, na dirisha dogo lililotazama uwanja wa jikoni ambako wanawake walitwanga sombe, majani ya mhogo, na kutwanga majina ya watu pamoja nayo. Aliyeletwa kunitazama ni Mzee Kalonda, muunga mifupa kutoka upande wa Lusangi. Nataka nimtendee haki mzee yule, kwa sababu watu wamemlaumu kwa jambo ambalo yeye alikataa tangu mwanzo. Alishika goti, akafumba macho, akapapasa juu na chini, mwisho akasema, "Mimi sisikii mufupa yenye kuvunjika." Wazee wetu walitazamana. Wamemtoa mtu mbali, wamempikia, naye anasema hakuna mfupa! Shangazi akasogea karibu. "Kama hausikii, Baba, tafuta vizuri. Mutoto analia." Mzee akatafuta tena. "Pengine iko kaufa kadogo hapa pembeni," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu ambacho hakukileta sokoni. Wote wakapumua. Jina la ugonjwa limepatikana.

Basi kukaletwa kuku. Asiyeijua dawa ya waunga mifupa wa kwetu aelewe hivi: mzee anamfunga mgonjwa kwa vibanzi vya mwanzi na majani, kisha anamvunja kuku mguu uleule, anamfunga kwa mwanzi uleule na majani yaleyale. Siku kuku atakapotembea, mgonjwa anafunguliwa. Na kuku huyo haliwi kabla mgonjwa hajapona kabisa, maana ukimla mapema umekula mguu wa mtu. Tukawekwa chumba kimoja, jogoo mchanga mwekundu na mimi, wote tumefungwa mguu wa kulia, wote tunatazama mlango. Majirani wakamwita pacha wangu. Shangazi alipoleta bugali na mboga ya lengalenga, jogoo alipata chenga za mchele kwanza, kwa sababu kupona kwake ndiko kungeleta kwangu. Nilipolalamika alisema, "Yeye iko na kazi. Weye uko na kazi gani?"

Haukupita mwezi, pacha wangu akatembea. Alitoka mlangoni akichechemea, akazunguka kinu, akarudi, akapanda juu ya gunia la karanga, akawika usoni mwangu. Nikasikia dirishani sauti ya Mama Sifa, jirani yetu, mwanamke aliyejua pilipili ya kila chungu. "Zaina, kuku imetembea tangu juzi. Mutoto wako angali amelala. Sababu ya nini?" Shangazi akajibu, "Ataamuka leo." Mama Sifa akasema, "Mimi sisemi kitu. Lakini kuna vijana wanapenda kitanda." Wakacheka wote, mchi ukaendelea. Nilifunguliwa mchana uleule. Mwanzi ulipotoka, niliona paja langu limekuwa kama mkono wa mtu mwingine, na goti limekataa kunyooka lote na kukataa kukunjika lote, limekaa katikati kama karani. Lakini halikuuma sana, na hapo ndipo liliponidanganya. Goti la namna hii lina tabia ya mchuuzi mjanja. Kwenye njia iliyonyooka linakupa kila kitu bila ubishi, unaanza kusema kumbe ni rahisi. Bei yake inakungoja kwenye kona.

Nilitembea wiki kadhaa, nikasifiwa, nikaombewa dua. Siku moja nimebeba gunia la karanga begani katikati ya soko, mtu akaniita nyuma, "Amisi!" Nikageuka kama mtu yeyote anavyogeuka akiitwa, mguu chini, mwili ukienda. Goti likateleza ndani, nilihisi mfupa mmoja unauacha mwingine na kuurudia, nikajikuta nimelala kati ya samaki wa wavuvi wa mto Lualaba na karanga zimetapakaa hadi kwa muuza chumvi. Jioni papai limerudi. Na maneno nayo yakarudi, yamezaa. Kuna waliosema nimerogwa. Kuna waliosema kuku alivunjwa kwa mkono wa kushoto. Mama Sifa alisema tu, "Kuku iko inakimbia," na sentensi ile fupi iliniudhi kuliko zote, kwa sababu ilikuwa kweli. Jogoo alikuwa anakimbia. Alikuwa anawafukuza mitetea wa mtaa mzima. Nami niliulizwa na kila aliyeingia, hata mtu aliyekuja kuomba moto: kuku ametembea, wewe unangoja nini? Nilichoka kushindanishwa na kitoweo.

Idi ikafika. Nyumba nzima ilinuka pilau tangu asubuhi, na wageni ni wengi, na nyama ni kidogo. Mama Sifa, ambaye macho yake hayakuwa na likizo, akamwonyesha Shangazi jogoo. "Si huyu hapa? Mutu wako si amepona?" Shangazi akasema ameshapona, alhamdulillahi, ameshapona kabisa. Kisha akatuma mtu akatafute kuku mwingine mwisho wa mtaa. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti, nikahesabu maneno yake upande huu na matendo yake upande ule. Nikayahesabu tena. Hayakulingana. Wageni walipoondoka nikamwuliza, "Shangazi, si ulisema nimepona?" Akasogeza mlango. "Nilisema kwa majirani." "Na kwako weye?" Akamtazama jogoo anayedonoa chini ya magunia. "Kwangu mimi, kuku iko hai."

Kisha akaketi chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaliweka goti langu juu ya paja lake kama mtoto. "Sikia, Amisi. Mimi sikuzaa. Siku yangu ikifika, watu watanitoa pale mulangoni, watanishusha ule muteremuko wa makaburi. Nataka bega yako iwe pale mbele. Bega haifiki makaburini yenyewe, inabebwa na muguu. Hii muguu nusu ni yako, nusu ni yangu. Kesho tunaenda hospitali, na mutu asijue." Ndiyo sababu tulikwenda kwa kuzunguka nyuma ya shule ya misheni, mimi nachechemea, yeye amebeba kikapu kitupu ili aonekane anakwenda shambani. Kila tuliyekutana naye alituuliza, "Munaenda hospitali?"

Pale hospitali kulikuwa na mama mmoja wa kunyoosha viungo, watu wa namna hiyo sisi tunawaita kine. Jina lake Madame Beatrisi, ametoka Kindu, na sijapata kuona mtu asiyepatana bei kama yule. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, mti uliogongomewa ukutani wa kushikia, na kioo kirefu ambamo nilijiona mara ya kwanza nikisimama: nimeegemea upande kama nyumba inayohama. Alinilaza chali, akakunja goti, akaukalia wayo wangu kabisa bila kuomba radhi, akashika chini ya goti kwa mikono miwili na kuvuta. Mguu ukaja mbele, wenyewe, kama mtoto wa meza anavyovutwa. Akavuta mguu wa pili, ule mzima, haukuja. "Umeona?" akasema. "Ndani ya goti kuna kamba mbili zimepishana, zinazuia mfupa wa chini usikimbie. Ya mbele imekatika. Ulisikia mlio? Ulivimba siku ileile? Ukigeuka unaanguka?" Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikaanza kumshuku kwamba alikuwa nyuma yetu kule mlimani. Shangazi akauliza kwa upole, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuelewa, "Na kuku?" Madame akacheka, si vibaya. "Mama, kuku mulimuvunja mufupa. Mufupa inaungana, ni zawadi ya Mungu. Huyu alikatika kamba, na hii kamba ikikatika katikati, mara nyingi haijiungi. Mungemukata kuku kamba, mungekuwa mungali munamungoja." Shangazi akasema polepole, "Kumbe tulipima muchele na chupa ya mafuta."

Nikauliza dawa ya kuishona. Madame alisema iko, mbali, kwa ndege, kwa watu wengine. Lakini wapo wanaotembea na kufanya kazi bila kamba ile, mradi paja lifanye kazi yake na kazi ya kamba pia, hasa nyama ya nyuma ya paja, inayovuta mfupa kurudi nyuma. "Miezi mingapi?" nikauliza. "Tisa." Nikacheka kama tunavyocheka sokoni tukitajiwa bei ya mgeni. "Madame, mitatu." "Tisa." "Mimi ni kijana, damu inatembea. Tupatane mitano." "Tisa, na pengine zaidi." Niliinuka kama ninaondoka, kwa maana ukiinuka muuzaji hukuita. Hakuniita. Nilifika mlangoni peke yangu, nikageuka, goti likanikumbusha, nikashika ukuta. Ndipo akasema bila hata kuniangalia, "Goti haliko sokoni, Baba. Njoo nikuonyeshe."

Na alichonionyesha kilikuwa aibu tupu. Nilidhani nitapewa mashine, sindano, kitu cha kusimulia. Nilipewa kitenge kilichoviringwa: niweke chini ya kifundo, nibonyeze goti chini mpaka linyooke. Nilipewa kigoda: nikae, niinuke, bila mikono. Nilipewa kizingiti cha nyumba yetu wenyewe: nishuke kwa mguu mbaya polepole, goti litazame vidole, lisiingie ndani. Nilipewa kusimama kwa mguu mmoja. Nilisimama uwanjani kama korongo huku Shangazi akitwanga, na Mama Sifa akipita na kurudi bila shughuli. "Zaina, mutoto wako anafanya nini?" "Anasimama." "Ndiyo dawa?" "Ndiyo dawa." "Ah." Hiyo *ah* ilikuwa nene. Nikizidisha mazoezi ili nimalize haraka, goti linavimba jioni, na Madame anasema, "Kuvimba ni barua yake, soma," nami narudishwa nyuma. Nikipunguza, paja halikui. Biashara gani hii, unatoa kila siku na hakuna anayekuambia umebakiza kiasi gani? Hata leo watu huniletea vijana wao walioumia mpirani, wanataka niwape neno la faraja. Sina. Nawaambia ni kazi ya kuchosha, haina makofi, na siku utakayojisikia umepona ndiyo siku ya kujiogopa. Jogoo naye alinenepa. Alikuwa anaruka kizingiti kile kwa bawa moja, anageuza shingo, ananitazama nikikishuka. Naapa alikuwa ananihurumia.

Katikati ya mazoezi hayo akaja Salumu. Mchele mpya umevunwa Wamaza, kundi linaondoka, nafasi yangu ingali ipo lakini haitangoja tena. "Kinga yako nimeipaka mafuta," alisema. Alikula nasi wali na samaki, akasimulia njia, nani ameoa, daraja gani limeondoka na maji, na nilisikia njia inaniita hadi kwenye meno. Goti lilikuwa kimya wiki ile, limenyooka, zuri. Shangazi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa anautafuta mchanga uliokwisha kutoka zamani. Nilikumbuka Madame alivyonieleza: ndani ya goti kuna vijimto viwili laini, kama vya kulalia, vinavyotenganisha mifupa, na kila mfupa unapoteleza unavisaga. Utapata safari moja, alisema, utapoteza goti. Nikapiga hesabu. Nikarudia, nikitumaini nimekosea mahali. Nikamwambia Salumu achukue kinga. Neno lile lilinitoka kama jino. Salumu akaosha mikono, akasema, "Sawa, ndugu," akaondoka nayo akiisukuma, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulalamika juu ya njia. Kesho yake nilianza kuuza karanga za Shangazi sokoni, juu ya kiti. Wengine husema nilizaliwa mfanyabiashara. Nilivutwa huko na kamba iliyokatika.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Madame alivuta tena mguu wangu. Ulikuja mbele kidogo bado, akaniambia utakuja hivyo daima. Lakini akanisimamisha kwa mguu mbaya, akanisukuma bega ghafla, nikabaki nimesimama. "Sasa nenda mahali ulipoumia," akasema. "Shuka. Kwenye kona, usigeuze mwili na mguu uko chini. Inua mguu, ugeuze kwanza, kisha mwili." Nikaenda Wamaza, Salumu akanipokea kule juu ya mlima, akanitwisha nusu gunia la mchele begani, akatangulia kwa mazoea. Nilishuka kwa hatua fupi. Mfereji wa matope ulikuwa palepale, hakuna aliyeutengeneza, wala hakuna aliyeutengeneza mpaka leo ninaposimulia. Kwenye kona nilisimama, nikainua mguu, nikaugeuza, mwili ukafuata. Salumu alikuwa ameganda chini, mikono imenyooshwa, sijui kunidaka mimi au mchele.

Tulipofika Kasongo, Shangazi hakuniuliza mimi. Alimwuliza Salumu, "Kwenye kona, muguu imegeuka?" "Imegeuka, Mama." "Haikukataa?" "Haikukataa." Basi akaingia ndani, akatoka na kisu, akamwita mtu wa kuchinja. Nilishtuka. Nilikuwa nimekwisha kumzoea pacha wangu, tumelala chumba kimoja, tumegombania chenga. Nikaanza kumtetea: jogoo ni mzee sasa, nyama itakuwa ngumu. Shangazi akasema, "Mimi nimemungojea mwaka. Wewe kula." Alichemka tangu adhuhuri mpaka magharibi. Alipakuliwa na mawese mekundu na bugali, na mguu wa kulia ukawekwa mbele yangu kwa heshima, Mama Sifa akishuhudia. Niliuma, nikavuta, nikavuta tena. Hapo, nikitafuna kile kitu cheupe kilichokataa kukatika, ndipo nilipoelewa hasa nilichokuwa nacho zamani ndani ya goti. Shangazi alinitazama nikihangaika nacho, akasema, "Yake ilikuwa nzima," na tukacheka mpaka Mama Sifa akaudhika, kwa sababu hakujua tunachochekea.

Basi juzi, vijana walipokuwa wamenishikia kiti, nilikisogeza pembeni, nikamwendea yule wa kandambili. "Mutoto wangu, toka hapo." "Lakini Mzee, muguu..." "Huu mguu nusu ni wangu, nusu ni wa huyu tunayembeba. Nusu yako iko wapi?" Akatoa bega lake, akaniachia nafasi. Nikaweka bega. Alikuwa mwepesi, Shangazi, mwepesi kuliko nusu gunia la mchele, na hilo liliniuma mahali ambapo Madame hakunionyesha zoezi lake. Tukatoka mlangoni tukileta shahada, watu wakinyoosha mikono kupokezana, nami sikumpokeza mtu. Salumu, mwenye fimbo sasa, alikuwa ametangulia kama kawaida yake, amesimama kwenye kona ya mteremko wa makaburini, penye utelezi, mikono imenyooshwa. "Amisi," akasema kwa sauti ya chini. Nikasimama, na jeneza likasimama nami. Nikainua mguu, nikaugeuza kwanza, kisha mwili, na Shangazi akageuka pamoja nasi.